Zima, Subiri, Washa

Fundi wa intaneti alikuwa ameshafunga ngazi yake juu ya pikipiki na kofia ngumu ameshaivaa, Mama Pacha alipomkimbilia barabarani, hedfoni zikimning'inia shingoni.

"Fundi, subiri! Subiri kwanza uone inavyofanya!"

"Nimeona, mama. Taa zote kijani."

"Zinakuwa kijani ukiwepo. Ukiondoka tu zinageuka."

"Sasa unataka nihamie kwako?" Fundi alicheka peke yake, akawasha pikipiki. "Lile kabati lako lina kioo. Kioo kinanyonya mawimbi. Litoe pale, utanishukuru."

"Ulipokuja kwanza ulisema ukuta. Ukarudi ukasema friji. Leo kabati."

"Ndiyo ujue nyumba yako ina matatizo mengi," alisema fundi, akaondoka.

Pikipiki haijafika hata kwenye kona, taa ya ruta sebuleni ikawa nyekundu. Aliyeiona ni baba mkwe wa Mama Pacha, Babu Mizani, aliyekuwa amekaa barazani kando ya dirisha. "Imekufa tena!" alipaza sauti, na mtaa mzima ukasikia, maana mzee yule alikuwa muuza nyama maisha yake yote na sauti yake ilizoea kushindana na shoka la mifupa. Fundi naye alisikia. Hakugeuka. Alikunja kona, akapita chini ya nguzo yenye sanduku jeusi la waya bila kuinua macho, akapotea.

Mama Pacha alisimama katikati ya barabara, miguu imejaa vumbi, kandambili moja imemvuka. Kule chumbani alikuwa amemwacha mteja kwenye simu, amemwomba avumilie kidogo. Sasa mteja yule alikuwa amekatika.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni ya intaneti. Alizipokelea chumbani kwake, juu ya meza ya cherehani iliyobanwa kati ya kitanda na ukuta. Kampuni ilikuwa imefunga ofisi ya simu ili isilipe pango, ikawaambia wahudumu wakafanyie kazi kwao, kwa umeme wao. Ikatoa na sharti: intaneti ya nyumbani iwe ya kampuni hiyohiyo, na bei yake ikatwe kwenye mshahara. Kwa hiyo walimuuzia intaneti mbovu, kisha wakamwandikia kosa kila ilipokatika. Simu ikikatika mhudumu akiwa anaongea na mteja, kosa ni la mhudumu. Makosa yakijaa, anatolewa. Yake yalikuwa yamefika ukingoni.

Na hapakuwa na mshahara mwingine. Mumewe, mpaka rangi, alikuwa ameanguka na jukwaa la kazi, bega likateguka, mkono ukafungwa kitambaa shingoni. Aliyemwajiri alimpeleka hospitali kwa gari lake, akamwombea dua, akampa pole, na tangu hapo hakupokea simu yake. Sufuria ya nyumba ile, ya mzee, mwanawe, mkwe na mapacha wawili wa shule, ilikuwa inainjikwa na ile meza ya cherehani.


Simu ilikuja kabla hajakaa vizuri. Alikuwa msimamizi wake, msichana ambaye wahudumu walimwita Dada wa Alama kwa sababu kazi yake ilikuwa kusikiliza simu za wenzake na kuwapunguzia alama. Angeweza kuwa mdogo wake Mama Pacha, wa mwisho kuzaliwa. Lakini dada alikuwa yeye.

"Umemtelekeza mteja."

"Nilikuwa na fundi, dada. Fundi wenu."

"Fundi ni mambo yako ya nyumbani. Usiyalete kazini."

"Kazini kwangu si ndiyo nyumbani, dada?"

"Hiyo kauli nayo niiandike?"

"Hapana, dada. Nisamehe, dada."

"Imekubakia moja. Simu moja tu ikatike, unarudisha hedfoni."

"Lakini mtandao wenyewe ndio unaokata. Mimi nifanyeje?"

"Piga huduma kwa wateja, kama mteja mwingine yeyote."

Mama Pacha aliitazama ile simu kana kwamba imemtemea mate. Kisha, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akapiga. Alisikiliza muziki wa kampuni, ule aliokuwa akiwasikilizisha wateja kila siku, mpaka ukamkinaisha.

"Karibu huduma kwa wateja, unaongea na mhudumu wako." Sauti ikasita. "Nikusaidie nini?"

Alikuwa Chiriku. Waliingia kazini pamoja, wakakaa dawati moja kwenye mafunzo, na jina hilo Chiriku alilipata kwa sababu hakujua kunyamaza.

"Chiriku, ni mimi."

"Nimefurahi kukusikia, mteja wetu. Tafadhali zima ruta yako, subiri kidogo, kisha uiwashe."

"Usinifanyie hivyo, shoga yangu. Unajua na mimi najua. Lile sanduku la kwenye nguzo..."

"Mteja wetu!" Chiriku alimkatiza. "Simu hii inarekodiwa. Nakuomba. Zima, subiri, washa."

Mama Pacha akaweka simu chini. Hakumkasirikia Chiriku, yeye mwenyewe angemjibu hivyohivyo. Kwenye mafunzo walikuwa wameambiwa wazi, kwa kicheko, kwamba masanduku ya mitaani yalifungwa kwa ajili ya nyumba chache na kwamba kampuni imeshauza kupita uwezo wake, maana wateja ni wengi na masanduku ni ghali. Halafu wakapewa mwongozo wa maneno. Mteja akipiga, azime, asubiri, awashe. Akipiga tena, ahamishe vitu vyake vya ndani. Akizidi kulalamika, atumiwe fundi. Na yalikuwepo maneno ambayo mhudumu akiyatamka anafukuzwa siku hiyohiyo, na la kwanza lilikuwa "kosa letu".


Ilipofika jioni walihamisha kabati.

Baba Pacha alisukuma kwa bega moja, Mama Pacha akavuta, na nguo za mapacha zikawa zinaporomoka kila kabati linapotikisika. Babu Mizani alisimama mlangoni. Hakuingia, chumba cha mkwe hakiingiliwi hovyo, na mzee yule alikuwa na adabu zake.

"Kioo ndicho kinanyonya mtandao?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema fundi, Baba," alijibu Mama Pacha.

"Bucha langu lilikuwa na vioo kuta zote. Redio ilikuwa inaimba mpaka wateja wanacheza."

"Baba," Baba Pacha alihema, "kama huna la kusaidia, tuache."

"Nasaidia. Nakwambia umedanganywa."

"Kwa hiyo tukae tu? Tusijaribu kitu?"

Alisukuma kwa hasira, mguu mmoja wa kabati ukavunjika, kabati likalala ukutani, na yeye akashika bega lake lililofungwa, akauma meno. Walileta tofali wakalitegemeza. Mama Pacha akaenda sebuleni kutazama ruta. Kijani. Akasimama hapo. Kijani. Akathubutu kupumua. Nyekundu.

"Kazi gani hii?" Baba Pacha alifoka kutoka chumbani. "Kazi gani mtu anaambiwa avunje nyumba yake mwenyewe?"

"Ndiyo inayokulisha!"

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Baba Pacha alitoka akapita kando ya mkewe kama anayepita kando ya mtu asiyemjua, akaenda kukaa nje. Na Babu Mizani, ambaye alikuwa amesikia yote, aliivuta simu yake ya vitufe, akainama mbele ya ruta, akasoma kwa taabu namba ya simu iliyobandikwa ubavuni. Hakumwambia mtu.


Mzee alijua kwamba mkwe wake huwasaidia watu kwa simu. Watu gani na msaada gani, hakuwahi kuuliza. Alichojua ni kwamba kampuni ya intaneti inaiua nyumba yake, na kwamba katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado hajapaza sauti kwa mtu anayestahili.

Asubuhi, mwanawe alipowapeleka watoto shule, alikwenda mwisho wa ua, karibu na kamba ya nguo, ili asimsumbue mkwe wake kazini. Akapiga. Wahudumu waliokuwa kazini saa hiyo walikuwa wachache, na simu ikaangukia kwa aliyekuwa hana mteja.

"Karibu huduma kwa wateja. Unaongea na mhudumu wako, nikusaidie nini?"

"Nisaidie kunipa mkubwa wenu."

Mama Pacha aliijua sauti kabla namba ya simu ya mzee haijatokea kwenye skrini. Pembeni ya skrini ilikuwa imewaka picha ndogo ya sikio, na sikio likiwaka maana yake Dada wa Alama anasikiliza.

"Mkubwa yuko mbali kidogo, mzee wangu. Nieleze mimi." Alitumia sauti ya kazini, ile nyembamba, iliyofundishwa kutabasamu, ambayo hata watoto wake hawakuwahi kuisikia.

"Wewe unasikika binti mdogo, sitaki kukutukana. Lakini sikia vizuri. Mimi nimeuza nyama tangu sijaota ndevu. Mtu akilipia kilo nampa kilo. Ninyi mnachukua hela ya kilo, mnafunga gazeti tupu, mnasema kapime kwako. Hamna haya?"

"Pole sana, mzee wangu."

"Pole yako baki nayo. Mimi nina mkwe hapa ndani. Mtoto wa watu. Mwanangu ameumia, na yule binti ndiye anayetulisha sote, na mimi na uzee wangu, na hajanipandishia sauti hata siku moja. Hata chumvi ikizidi kwenye chakula anakuja kuniomba radhi. Watoto niliowazaa hawanifanyii hivyo. Jana nimemsikia anaomba msamaha kwenye simu kama mwizi wa kuku, 'nisamehe dada, nisamehe dada', na mimi niko upande wa pili wa ukuta najifanya nimesinzia. Mwanamume mzima! Hilo ndilo mlilolifanya kwangu. Umesikia?"

Mama Pacha alisikia. Kwa miaka yote aliyokaa katika nyumba ile mzee hakuwahi kumwambia zaidi ya "asante, nimeshiba." Alifumba macho. Alipoyafumbua, maandishi yalikuwa yametokea kwenye skrini: FUATA MWONGOZO. AZIME RUTA.

Na mdomo, kwa mazoea tu, ukafuata.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Naomba uende ilipo ruta yako, uizime kwenye swichi, usubiri kidogo, kisha uiwashe."

"Nikizima itakaa sawa?"

"Tafadhali jaribu, mzee wangu."

"Haya. Ngoja."

Akasikia kandambili za mzee zikivuka ua, zikapanda baraza, zikaingia sebuleni. Sasa alizisikia mara mbili, masikioni na nyuma ya mlango. Hapo ndipo akili yake ilipoufikia mdomo wake. Ruta ile ndiyo iliyobeba simu ile. Mzee akiizima, simu inakatika, na ile ndiyo iliyokuwa imebaki. Akimzuia, amevunja mwongozo na sikio linawaka. Kampuni ilikuwa imemvisha kitanzi, ikamtafuta mtu anayempenda ili ashike ncha ya kamba.

"Ni hii nyeusi hapa nyuma?" aliuliza mzee. "Naibonyeza."

"Baba, usizime!"

Ilitoka kwa sauti yake mwenyewe, kwenye simu na kupitia mlangoni kwa pamoja. Kule sebuleni mkono wa mzee uliganda.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Baba. Mama Pacha."

"Uko wapi?"

"Chumbani."

"Mbona uko kwenye simu yangu?"

"Ndiyo kazi yangu. Hiyo kampuni unayoipigia ndiyo iliyoniajiri. Ukizima unanikata mimi, na nikikatika wananifukuza."

"Sasa si wewe uliyeniambia nizime?"

"Ndivyo nilivyoandikiwa kusema."

"Na ningezima, ingesaidia?"

"Isingesaidia, Baba. Haijawahi kusaidia."

Babu Mizani alikuwa mzito wa miguu, si wa kichwa. Alibaki ameinama juu ya ruta, simu sikioni, akiliweka jambo lile juu ya mizani yake.

"Kwa hiyo watu wanapiga kama nilivyopiga, na wewe unawaambia wazime."

"Ndiyo."

"Na unajua."

"Najua."

"Basi unauza mfupa kwa bei ya nyama," alisema mzee, polepole. "Ndani ya nyumba yangu."

Skrini ilikuwa inaandika: RUDI KWENYE MWONGOZO. Mama Pacha hakusoma. Tangu jana alikuwa amemeza fundi, amemeza dada aliye mdogo wake, amemeza Chiriku, amemeza mgongo wa mumewe ukitoka mlangoni. Hili lilikuja likakuta tumbo limejaa.

"Ndiyo, Baba, nauza mfupa. Na sote tumeula. Unga wa asubuhi ni mfupa. Dawa yako ya presha ni mfupa. Bega la mwanao limefungwa kwa mfupa. Sasa nisikilize, na huyo mwingine anayesikiliza asikilize pia. Ruta yako haina ugonjwa. Usiizime. Kabati tumelivunja bure. Sanduku la pale kona liliwekwa kwa nyumba chache, wao wameliuzia mtaa huu na mtaa wa nyuma, na bado wanauza. Tumefundishwa hivyo, tukakatazwa kusema. Fundi anajua, ndiyo maana akipita pale hainui macho. Kosa si lako. Si la kioo. Si langu. Ni kosa letu, mzee wangu. Kosa letu, kosa la kampuni."

ACHA, ilikuwa imeandika skrini. ACHA MARA MOJA.

Taa za ruta zilibaki kijani tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Simu ile ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kupokea, haikukwaruza, haikusita. Ilikatwa kutoka kwa kampuni, kwa kidole cha mtu.

Alivua hedfoni akatoka. Mzee alikuwa bado amesimama pale, simu sikioni.

"Wamekata," alisema.

"Najua."

Mzee alishusha mkono. Alitazama ruta, akatazama sakafu. "Nimekuharibia?"

Siku nyingine yoyote angemjibu, hapana Baba, usijali Baba.

"Umeniharibia, Baba," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Aliketi kwenye ukingo wa kochi, mikono magotini. "Na lile neno la mfupa..."

"Lilikuwa kweli. Liache."

Baba Pacha aliingia kutoka shule, akawakuta wamekaa kama wako msibani. Akatazama ruta kwanza. "Imekatika tena?"

"Haikukatika," alisema mkewe. "Leo ndiyo haikukatika."


Dada wa Alama alipiga mchana huohuo. Hakutaja maneno yaliyosemwa. Kuyataja kungemlazimu kuyaandika. Alisema mhudumu anaachishwa kwa sababu intaneti ya nyumbani kwake si ya kuaminika. Baba Pacha ndiye aliyezirudisha hedfoni. Mtu wa mapokezi alizigeuzageuza, akasema sifongo za masikio zimechakaa, zikakatwa kwenye malipo ya mwisho.

Babu Mizani alizunguka mtaa nyumba kwa nyumba akieleza habari za sanduku. Watu walimsikiliza, wakaitukana kampuni, wakamkaribisha chai. Kampuni nyingine haikuwepo, wakaendelea kulipa. Yeye mwenyewe hajaligusa tena neno la mfupa. Asubuhi humwahi mkwe wake kwa salamu, jambo ambalo zamani hakulifanya, na mkwe huitikia.

Mama Pacha anauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anasimama kutwa, jioni miguu inamvimba. Mumewe alipona, lakini mkono haupandi juu ya bega. Anapaka nusu ya chini ya kuta, nusu ya juu anamwita mwenzake na kugawana naye malipo. Lile neno la jioni ya kabati hawajalizungumza. Kabati liko juu ya tofali.

Fundi aliacha kazi, anafunga kamera za ulinzi kwenye nyumba za matajiri.

Chiriku aliitwa ofisini akasomeshwa maneno mbele ya kinasa sauti, akalipwa mara moja tu. Baada ya hapo wahudumu wote walimwaga unga, naye akiwemo, na Dada wa Alama pia, maana hapakuwa tena na mtu wa kupunguziwa alama. Anayepiga sasa hupokelewa na mashine. Sauti ni ya Chiriku. Inasema zima, subiri, washa.

Sanduku liko palepale kwenye kona. Juzi limeongezewa waya.